Mahali Ilipozima Pikipiki ya Wani

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikifumba macho naisikia kabla sijaiona. Jua lilikuwa la utosi, nami nilikuwa juu ya pikipiki kwenye barabara ya Arua kwenda Koboko, nikipita daraja dogo lililojengwa juu ya mabomba mawili ya saruji. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri. Mara ikanyamaza. Haikukohoa wala haikupunguza nguvu kidogo kidogo kama injini iliyoishiwa mafuta. Ilinyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Pikipiki ikaenda hatua chache kwa uzito wake, ikasimama, na kimya kilichonizunguka pale kilikuwa kizito mno kwa saa kama ile. Hapakuwa na ndege aliyelia wala jani lililotikisika.

Nataka nikusimulie habari yote ya pikipiki ile, polepole, kwa sababu nawaona wewe na wenzako mmeshikwa na homa ya pikipiki za zamani. Mnazitafuta kwenye mabanda ya watu, mnazifumua, mnazipaka rangi. Siwacheki. Homa hiyo naijua, ilinishika mapema kuliko ninyi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikikaa Awindiri kwa shangazi yangu na kufanya kazi katika gereji moja pale mjini Arua. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Wahindi waondoke. Maduka ya spea yalikuwa yamebaki rafu tupu, na fundi aliyetaka nati ya maana alingoja wafanya magendo waje kutoka upande wa Kongo, na vyuma vimefichwa chini ya samaki wakavu. Pikipiki mpya zilikuwa za watu wa serikali na wa jeshi. Sisi wengine tulitembea kwa miguu au baiskeli, na tulijifunza kutouliza mambo. Gari likikutwa limesimama njiani bila mwenyewe, watu walilizunguka wakaendelea na safari. Mtu asipoonekana nyumbani siku mbili, majirani walianza kumtaja kwa sauti ya chini, na siku ya tatu hawakumtaja kabisa.

Siku moja nilitumwa Koboko kutengeneza mashine ya kusaga. Nilipungukiwa na waya, nikaenda kuomba kwenye boma la jirani. Pale aliishi mjane mmoja Mkakwa, mwembamba, mpole wa maneno, watu wakimwita Mama Wani. Akanipeleka kwenye kibanda cha kuwekea vitu ili nijitafutie waya mwenyewe. Nikainua mkeka uliokuwa umefunika kitu kirefu pembeni, na mwanangu, waya nikausahau palepale.

Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza ya zamani, ya kabla sijazaliwa. Silinda moja tu, kubwa kama chungu, imesimama wima. Tangi lilikuwa jeusi lenye mistari ya dhahabu iliyofifia, na pande zake mbili lilikuwa na mipira ya kuegemeza magoti. Mbele ilikuwa na springi moja nene iliyo wazi, si kama za siku hizi zilizofichwa ndani ya mabomba. Matairi yalikuwa yamelala na cheni imeshika kutu, lakini mtu alikuwa akiipangusa. Vumbi halikuwepo hata chembe. Niligusa kiki ya kuwashia kwa mguu, nikaibonyeza taratibu, nikasikia pistoni ikipanda na kuvuta pumzi. Injini ilikuwa hai. Nilijua palepale kwamba nitaitaka mpaka niipate.

Mama Wani alinieleza habari yake akiwa amesimama mlangoni. Ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Wani, aliyekuwa mchanja ng'ombe wa idara ya mifugo. Aliinunua ikiwa chuma kibovu kwa Mzungu mmoja mjenzi aliyekuwa anarudi kwao, akaitengeneza mwenyewe, akazunguka nayo vijiji vyote akichanja ng'ombe. Miaka miwili nyuma aliondoka asubuhi kwenda upande wa Maracha, na hakurudi. Baada ya siku nne, utingo wa lori la tumbaku aliikuta pikipiki kando ya barabara karibu na daraja dogo. Kwa kuwa kila mtu aliijua, wakaipandisha kwenye lori na kumletea mama yake.

"Ilikuwa imesimama juu ya stendi," akaniambia. "Glavu yake na miwani ya vumbi iko juu ya kiti, amewekea jiwe ili upepo usichukue."

Hakusema nani alimchukua mwanawe, nami sikuuliza. Sote tulikuwa na jibu moja kichwani: askari. Niliuliza jambo jingine, kama angeniuzia. Akatikisa kichwa. Wani akitoka huko alikowekwa atataka pikipiki yake, akasema. Nilirudi wiki ya pili na sukari, bidhaa ya shida siku zile. Akanishukuru, akakataa. Nikarudi Arua na usingizi ukanikataa. Nilikuwa nikila naiona silinda ile. Kazini nilichora springi yake kwa chaki juu ya sakafu.

Mara ya tatu nilikwenda na uongo.

Nilimwambia, mwanangu, kwamba nimekutana na dereva kutoka Sudan aliyemwona Wani huko Yei, mzima, akifanya kazi kwa watu, akingoja mambo yatulie ili arudi. Nikasema Wani alimtuma dereva huyo alete neno: pikipiki itengenezwe, aikute tayari. Nikajitolea kuifanya kazi hiyo bure. Yote niliyatunga njiani, nikiyarudiarudia mdomoni kama mtoto anayekariri somo. Mama Wani hakupiga kelele wala vigelegele. Alikaa chini taratibu, akaweka viganja vyake juu ya udongo kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba dunia ipo. Halafu akaniambia niichukue leo leo. Akanipa na zile glavu na miwani, niviweke pamoja nayo.

Nilipoiondoa kwa pikapu sikuona haya. Nikwambie kweli, niliona furaha tupu. Nilijipa moyo kwamba mtu aliyepotea miaka miwili katika nyakati zile harudi, na mama akipata faraja kidogo nani ameumia?

Kazi ya kuifufua ilichukua miezi minne, na siwezi kukudanganya kwamba haikuwa tamu. Niliifumua yote, nikapanga kila kipande juu ya gunia kwa mpangilio wa kukitoa. Nililoweka nati katika mafuta ya taa. Nilikata gasketi kutoka kwenye ngozi nyembamba na maboksi. Spoki zilizovunjika nilizibadilisha kwa spoki nene za baiskeli. Vilivyonishinda vilikuwa ringi za pistoni na lile dude linalotoa cheche, magneto, na kwa hayo nilikwenda Oli, kando ya mto, kwa mzee mmoja wa Kikongo aliyeitwa Fundi Bahati. Alikuwa amekimbia vita vya kwao miaka ya sitini na kuhamia na mashine yake ya kukerezea vyuma. Mkono mmoja ulikuwa na vidole vitatu, na kwa vidole hivyo alifanya kazi ambayo wenye kumi hawakuiweza. Alinikerezea ringi kutoka kwenye chuma cha silinda ya lori, akasuka upya waya wa magneto, akaniuliza pikipiki ni ya nani. Nikasema ni yangu.

Jambo moja lilinishangaza wakati wa kuifumua, lakini nililipita. Koki ya petroli, ile ya chini ya tangi ambayo mwendeshaji huifunga akiiacha pikipiki ili mafuta yasishuke, ilikuwa imefungwa, imekazwa vizuri, na pale chini kabureta ilikuwa kavu. Nilidhani utingo wa lori aliifunga.

Siku ilipowaka, mlio wake ulijaza uwanja wote wa gereji. Ulikuwa mlio mzito wa kuhesabika, dug, dug, dug, unaousikia kifuani kabla haujafika masikioni. Nikavaa glavu za Wani na miwani yake. Zilinienea kana kwamba nilipimiwa mimi.

Nilikuwa nimepanga nisiipeleke Koboko kamwe. Lakini mashine ile ya kusaga iliharibika tena, bwana wa gereji akasema niende, na basi halikuwepo. Nikasema nitafika, nitafanya kazi, nitatoka bila kupita kwa Mama Wani. Nikaondoka asubuhi, nikapita Maracha, na saa sita ya mchana nikafika kwenye daraja dogo. Hapo ndipo iliponyamaza.

Niliipima palepale. Petroli ilikuwepo. Cheche ilikuwepo, tena ya buluu. Nikapiga kiki mpaka paja likatetemeka. Mwisho nikaisukuma, na nilipovuka daraja hatua kama ishirini, nikagusa kiki mara moja tu, ikawaka. Nilisema ni joto. Lakini nilikuwa nimeona kitu kingine. Watu waliokuwa wakija kwa miguu, wanawake watatu na vikapu vya mihogo, walipokaribia daraja waliacha barabara, wakashuka kwenye shamba, wakazunguka mbali na kurudi barabarani mbele. Walipita kwenye kinjia kilichokanyagwa sana. Watu wengi walikuwa wakifanya hivyo siku nyingi.

Koboko mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nilipoingia sokoni mlio ukanitangulia, na mbele yangu mazungumzo yakawa yanazimika, meza baada ya meza. Fundi cherehani mmoja aliinuka na kitambaa kikaanguka. Mzee mmoja alivua kofia. Hakuna aliyenisalimu. Walikuwa wakinitazama usoni, kwenye miwani ile, na nilipoivua wakageuka upande mwingine. Niliizima pale penye mashine, na kabla sijashuka nikamwona Mama Wani anakuja, karibu anakimbia, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Aliusikia mlio kutoka nyumbani kwake. Alisimama mbele yangu akitweta.

"Sauti iko yake," akasema. "Lakini mutu sio yeye."

Akaniuliza atakuja lini. Ungekuwa wakati mzuri wa kusema kweli, mwanangu, nami nilikuwa na ulimi. Nikasema mwezi ujao. Akanivuta mkono nikaone. Nyumba ya Wani ilikuwa imekandikwa upya kwa udongo mweupe, mkeka mpya umetandikwa, na shati limetundikwa kwenye msumari, limepigwa pasi. Alikuwa amenenepa kidogo. Majirani waliniambia anaimba anapotwanga, kitu ambacho hawakukisikia tangu kijana apotee.

Nilirudi Arua alasiri ile ile. Sasa nilitoka upande mwingine, mwendo mwingine, tangi limejaa upya na jua limepungua. Nilipofika kwenye daraja dogo, injini ikanyamaza katikati ya mabomba yale yale mawili. Nilisimama pale nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba ninayemshikia pikipiki amesogea tu hatua chache kando, anarudi sasa hivi. Sikumwona mtu. Lakini nilijikuta nimeyageuzia mgongo majani marefu ya upande wa kushoto, kama mtu asiyetaka kuonana na anayemdai. Nilisukuma ile pikipiki kwa kasi mpaka nikaanguka nayo.

Kuanzia hapo nikakonda. Shangazi alidhani ni malaria. Asubuhi nilipofungua banda nilikuta mara kwa mara koki ya petroli imefungwa, na mimi sikuwa na desturi ya kuifunga. Huenda nilikuwa naifunga bila kujua. Huenda. Mwisho nikaenda Oli kwa Fundi Bahati, nikamwambia pikipiki inazima, nimeshindwa kuona ugonjwa. Akaniuliza inazima wapi. Nikasema, mahali pamoja. Akaweka tupa chini.

"Pikipiki hii iko ya nani?" akaniuliza tena, kwa utulivu ule ule wa mara ya kwanza.

Nikamweleza yote: Wani, mama yake, dereva wa Yei niliyemtunga, nyumba iliyokandikwa upya. Alinisikiliza hadi mwisho akifuta vidole vyake vitatu kwa kitambaa. Nilingoja anikaripie, lakini sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo liliniumiza zaidi.

"Wewe ulichukua chuma ya mutu kwa jina lake," akasema. "Sasa unashangaa jina nakufuata? Kesho tutaenda wote. Mimi nataka kusikia vile inazima."

Kesho yake alikaa nyuma yangu, amejifunga kamba ndefu kiunoni, kamba aliyozoea kuvutia injini. Kwenye daraja dogo injini ikanyamaza kama nilivyomwambia. Yeye akashuka, akafungua plagi, akaona cheche, akanusa kabureta, akairudisha plagi mahali pake. "Haina ugonjwa," akasema. Halafu akasimama akatazama kile kinjia kinachoacha barabara.

Ng'ambo kidogo kulikuwa na mwanamke wa makamo akipalilia. Fundi Bahati akamwendea, akamsalimu vizuri, akamuuliza kwa nini watu hawapiti darajani. Mwanamke akaendelea kulima kwanza. Kisha akaegemea jembe.

Akatueleza kwamba miaka miwili iliyopita, mvua zikiwa nyingi na majani marefu, sauti ya mtu ilisikika ikiita kutoka upande wa ghala la zamani la tumbaku. Ghala hilo liliachwa na kuvunjika, hakuna anayekaa huko. Siku ya kwanza sauti ilikuwa inaita watu. Siku ya pili ilikuwa inaita mama. Siku ya tatu haikuita tena, ilikuwa inaimba kidogo kidogo.

"Ilikuwa naita kwa Kikakwa," akasema. "Sisi tukasema hii iko mambo ya askari, labda wamefunga mutu huko. Wengine wakasema sio mutu, ni kitu. Tukahama njia. Hata leo mimi nikipita hapo nasikia masikio yangu inafunguka."

Alisema hayo bila kututazama. Alikuwa na mtoto mgongoni wakati ule, akaongeza, na mume alimkataza.

Fundi Bahati akarudi kwangu. Aliniuliza utingo aliikuta pikipiki namna gani. Nikamwambia alivyonieleza mama: juu ya stendi, glavu na miwani vimewekewa jiwe. Na koki? Nikasema ilikuwa imefungwa.

"Mutu akikamatwa na askari," Fundi Bahati akasema, "hafungi koki ya petroli. Hawekei glavu yake jiwe. Huyu alisimama mwenyewe. Alikuwa anataka kurudi."

Mwanangu, nikaigeukia pikipiki pale darajani. Nilikuwa nimeishika koki ile kwa vidole vyangu miezi kadhaa iliyopita. Chuma kilikuwa kimeniambia, nami nilikuwa nafikiria rangi ya tangi.

Tukaingia kwenye majani ya upande wa kushoto. Hatukwenda mbali, barabara tuliiona nyuma yetu muda wote, na pikipiki imesimama kama inatutazama. Ukuta wa ghala ulikuwepo, umeota mimea ya kutambaa. Nyuma yake ardhi ilikuwa imebonyea, na katikati palikuwa na kisima kilichochimbwa na watu wa tumbaku wakakosa maji, wakakiacha bila mfuniko. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umemeguka. Kwenye shina la mti mdogo kando yake kulikuwa na kipande cha kamba kilichooza, kimefungwa kwa fundo zuri, fundo la mtu anayejua kazi ya kufunga ng'ombe.

Fundi Bahati alinizuia nisishuke. Alishuka yeye, mzee, kwa kamba yake, nami nikamshikilia. Alikaa huko chini muda mrefu kiasi kwamba nilimwita. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba wapo. Sikuelewa kwa nini alisema wapo.

Wani alikuwa ameketi, mgongo ukutani, mfuko wake wa sindano za chanjo umewekwa pembeni. Mfupa wa mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika. Na mapajani mwake kulikuwa na mifupa mingine midogo, ya ndama.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kijana alikuwa akipita, amepunguza mwendo darajani, akasikia ndama analia kisimani. Alisimamisha pikipiki yake, akafunga koki, akaweka glavu zake, akachukua kamba. Aliitikia sauti ya mnyama asiyekuwa wake. Ukingo ukameguka, kamba ikakatika. Naye alipoita, watu wenye masikio mazuri walihama njia, kwa sababu wakati ule ulikuwa umetufundisha sote kwamba anayeita ni hatari kuliko asiyeita. Hakuna askari aliyemgusa. Hofu yetu ilitosha.

Tulipotoka kwenye majani, niligusa kiki mara moja. Ikawaka pale pale juu ya daraja. Tangu siku hiyo haikuzima pale tena.

Fundi Bahati alikaa kumlinda, nami nikaenda Koboko peke yangu. Niliizima mbali na kusukuma, ili asiusikie mlio akakimbia tena. Mama Wani alikuwa akichambua maharage. Nilikaa chini nikamwambia yote bila kupunguza, la kisima kwanza, la uongo baadaye. Vidole vyake havikuacha kuchambua. Kisha akauliza swali moja.

"Huko ndani alikuwa na nani?"

"Na ndama, Mama."

"Basi hakuwa peke yake," akasema.

Akaendelea na maharage. Halafu akaniuliza, wakati namwambia habari za Yei nilikuwa najua nini. Nikasema nilikuwa sijui kitu, nilitaka pikipiki. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Ile miezi nilikuwa nalala vizuri," akasema. "Mara ya kwanza tangu mtoto ameenda. Wewe ulinipa usingizi, na sasa umekuja kuichukua. Leo siwezi kukusamehe. Wewe uje tu. Siku nitaweza, nitakuambia."

Tukamzika Wani kando ya nyumba iliyokandikwa upya. Watu wa pale darajani walikuja, yule mwanamke wa jembe akiwa mbele, na hawakujua pa kuweka mikono yao. Baada ya maziko nilimkabidhi Mama Wani pikipiki. Akasema yeye hajui kuiendesha, na chuma kikikaa kinakufa. Niitumie, lakini nije. Nikawa naenda. Kila wiki mbili nilipeleka mahindi yake mashineni, nikamletea chumvi na mafuta ya taa, nikaziba paa lake. Nilikuwa namkuta amesimama uani, ameusikia mlio kutoka mbali, na kila mara kabla sijazima alikuwa anafumba macho kidogo. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Alinipa chakula, akaniuliza hali ya shangazi. Neno nililolingoja hakulisema, na mwaka ukapita, na mwingine.

Vita vilipofika kwetu mwaka wa sabini na tisa, mkoa wetu wote wa West Nile ukaanza kukimbia. Wa Arua walielekea Kongo. Mimi niligeuza pikipiki kuelekea Koboko, wakati wengine wanatoka huko. Nilimkuta ameketi mlangoni na kitambaa chenye nguo mbili, kama mtu aliyekuwa anajua atafuatwa. Aliweka kiganja juu ya kaburi, akapanda nyuma yangu, akanishika kiunoni. Barabara ya Oraba ilijaa watu, mbuzi, magodoro, wazee wamebebwa kwenye baiskeli. Tulienda taratibu katikati yao hadi tukauona mpaka, na mji wa Kaya ng'ambo, upande wa Sudan. Nikasimama, nikautazama. Akaniinamia sikioni.

"Endesha, mtoto wangu," akasema. "Imekwisha. Nimeweza."

Alikufa Yei miaka michache baadaye, kitandani, mimi nikiwa nimemshika mkono. Pikipiki niliiachia kijana mmoja wa huko aliyeipenda kama nilivyoipenda mimi. Kabla hajaigusa nilimketisha nikamweleza habari yake yote, kisima na ndama na uongo wangu. Alisikiliza hadi mwisho. Ndipo nikampa.

Wapo watu wanaoniambia kwamba uongo wangu ulizaa mema, kwamba bila huo Wani angelala kisimani hadi leo. Nakataa, mwanangu. Ningeweza kumwambia yule mama kweli, kwamba naipenda pikipiki ya mwanawe, aniruhusu niitengeneze pale pale uani kwake akitazama. Angekubali, nadhani. Koki ningeikuta vilevile, na kama ningekuwa nimemjali mwenye pikipiki hata kidogo, ningejiuliza nani aliifunga. Nilichelewa kwa sababu nilikitazama chuma, mtu sikumtazama.

Kwa hiyo ukiona pikipiki ya zamani na moyo ukakuruka, furahi, hiyo si dhambi. Lakini kabla ya kuuliza bei, uliza nani aliipanda, na kwa nini amesimama. Ukiambiwa, sikiliza mpaka mwisho. Usimpe mtu mwenye majonzi tumaini usilokuwa nalo ili upate kitu chake, maana siku utakayolazimika kulirudisha, utamkuta amelijengea nyumba. Ukikosea, rudi kwa uliyemkosea, uendelee kurudi hata kama hakusamehe, wala usimhesabie siku. Na ukisikia mtu anaita, mwanangu, iwe mchana au usiku, kwa lugha yako au lugha unayoiogopa, usihame njia. Nenda ukamwone.

Mungu akupe mikono inayofufua vilivyokufa na ulimi usiokimbia kweli. Barabara zikupokee na kukurudisha. Na siku ukiita, apatikane wa kukuitikia.